Somo la Afya: Ugonjwa wa Sukari Hutunzwa Kila Siku



Somo letu la leo ni juu ya ugonjwa wa sukari. Wengi wetu tunaujua kwa jina, maana umeingia katika jamaa zetu. Zamani watu walisema ni ugonjwa wa matajiri. Leo tunauona kwa mwalimu, kwa mama muuza samaki sokoni, kwa mkulima na kwa mtoto wa shule. Lakini kuujua kwa jina ni neno moja, na kujua namna ya kuishi nao ni neno lingine.

Shabaha ya somo: Kila mmoja wetu aweze kueleza mgonjwa wa sukari ale namna gani, atembeze mwili wake namna gani, na kwa nini asiache dawa siku anapojisikia vizuri.

1. UGONJWA HUU NI NINI?

Chakula tunachokula hugeuka ndani ya mwili. Bukari, mkate, wali, viazi na ndizi vyote hugeuka kuwa sukari na kuingia katika damu. Sukari hiyo ni nguvu yetu, kama makaa yalivyo nguvu ya jiko. Lakini haiwezi kuingia ndani ya nyama ya mwili bila kufunguliwa mlango. Anayefungua mlango ni insulini, maji yanayotengenezwa na kiungo kimoja kilicho nyuma ya tumbo, kinachoitwa kongosho.

Kama insulini haipo, au ipo lakini mwili hauisikii vizuri, sukari hubaki njiani, yaani ndani ya damu. Kwa hiyo mgonjwa ana sukari nyingi mno katika damu, lakini mwili wake una njaa. Ndiyo sababu anachoka, anakonda, ana kiu isiyokwisha, na anaamka usiku mara nyingi kwenda kukojoa. Wengine macho yanaona giza, au kidonda kidogo kinakataa kupona.

Dalili hizi peke yake hazitoshi. Wako watu wanaotazama kama sisimizi wanakuja mahali mgonjwa alipokojoa, kisha wanakata shauri. Inafaa kwenda kituo cha afya kupima damu. Ukipimwa asubuhi bila kula kwa saa 8 au zaidi, na kipimo kikafika miligramu 126 katika desilita moja ya damu au kupita, waganga huita hiyo sukari ya ugonjwa. Kama huna dalili, watarudia kipimo siku nyingine ili kuhakikisha. Wengi wanaumwa bila kusikia kitu chochote, na wanajua tu siku macho au miguu imekwisha kuharibika.

2. AINA ZAKE

Aina ya kwanza hushika zaidi watoto na vijana, ijapokuwa mtu mzima pia anaweza kuipata. Mwili wao umeacha kutengeneza insulini. Hawa wanapaswa kudungwa insulini kila siku ya maisha yao. Zamani, kabla ya dawa hiyo, waganga waliwanyima chakula ili sukari ishuke, na watoto walikufa wamekonda kama vijiti. Insulini ilipatikana mwaka 1921 huko Toronto, nchi ya Kanada. Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alidungwa kwa mara ya kwanza, akaishi miaka 13 tena. Kwa hiyo mtu asidanganye mzazi kwamba chakula peke yake, au miti peke yake, vitatosha kwa mtoto wa aina hii.

Aina ya pili ndiyo inayoshika watu wengi, hasa watu wazima. Mwili unatengeneza insulini lakini hauisikii vizuri, na polepole insulini yenyewe inapunguka. Unene wa tumbo, kukaa bila kutembea, umri na damu ya jamaa huusaidia kuingia. Hapa chakula na mazoezi vina nguvu kubwa sana.

Iko pia sukari inayokuja wakati wa mimba. Mara nyingi huondoka mama akiisha kuzaa, lakini mama huyo apimwe tena baadaye, maana anaweza kupata aina ya pili.

3. HATARI YA KUSEMA “NIMEPONA”

Tuseme mama mmoja wa Lubumbashi amepimwa asubuhi, na sukari yake ni 240. Anapewa vidonge. Anaanza kula kwa kipimo na kutembea kwa miguu. Miezi michache ikipita, anapimwa tena: 118. Anafurahi, na inafaa afurahi. Lakini jirani anamwambia: “Mama, umepona, tupa vidonge hivyo.”

Ndugu, hapo ndipo hatari inapoanza. Ile 118 ilitoka wapi? Ilitoka kwa vidonge, kwa sahani yake na kwa miguu yake. Akiviacha vyote vitatu, sukari itapanda tena, na mara nyingi itapanda kimya, bila maumivu. Mtu anayevuka mto kwa mtumbwi hautupi mtumbwi katikati ya maji kwa sababu hajalowa.

Wako watu wa aina ya pili waliopunguza uzito sana, sukari yao ikarudi mahali pazuri bila dawa. Jambo hilo lilionekana huko Uingereza mwaka 2017, katika uchunguzi uliofuata wagonjwa waliopunguza uzito chini ya uangalizi: karibu nusu yao walifika hapo baada ya mwaka mmoja. Ni habari njema. Lakini hata hao waliendelea kupimwa, maana uzito ukirudi, sukari nayo hurudi. Na anayewaondolea dawa ni mganga aliyetazama vipimo, si jirani.

4. CHAKULA: TUANGALIE KIPIMO

Wagonjwa wengi wanapotoka hospitali wanalia: “Wamenikataza bukari, sasa nitakula nini?” Tusikie vizuri. Bukari si sumu. Kinachoharibu ni kipimo. Wengine nao wanadanganyika upande wa pili: wanaacha sukari ya chai, kisha wanakula mlima wa bukari ya muhogo, wakisema muhogo si mtamu. Ulimi hausikii utamu, lakini damu inausikia.

Tufuate njia hii rahisi. Chukua sahani yako, uigawe kwa macho:

(a) Nusu ya sahani iwe mboga: sombe, lengalenga, matembele, kabichi, bamia, biringanya, nyanya.
(b) Robo moja iwe chakula cha kujenga mwili: maharage, samaki, ndagala, sambaza, yai, kuku au karanga kidogo.
(c) Robo inayobaki iwe bukari, au wali, au viazi, au makemba. Kwa wengi bukari ya ukubwa wa ngumi yako mwenyewe inatosha. Usipange bukari pamoja na wali na viazi katika sahani moja, maana vyote vitatu ni kitu kimoja ndani ya damu.

Maharage yanafaa sana kwa jamaa yenye fedha kidogo. Yanajenga mwili, yanashibisha, na sukari yake huingia katika damu polepole.

Mambo mengine ya kukumbuka:

Vinywaji. Chupa moja ya soda ya sentilita 33 mara nyingi ina karibu gramu 35 za sukari, sawa na vipande 7 vya sukari vya gramu 5. Kinywaji cha mgonjwa ni maji. Chai anywe bila sukari, na ulimi utazoea baada ya majuma machache. Asali na maji ya muwa ni sukari pia. Pombe inaharibu zaidi: inaweza kupandisha sukari, na kwa mtu anayetumia dawa inaweza kuishusha ghafula usiku.

Matunda. Ale tunda lenyewe, si maji yake. Chungwa moja, au kipande cha papai, au nusu ya embe kubwa, vinatosha kwa mara moja. Ukikamua machungwa manne katika kikombe kimoja, umekunywa sukari ya manne na kutupa nyuzi zake.

Mafuta na chumvi. Mawese si dhambi, lakini sombe isiogelee ndani yake. Mandazi ya kila asubuhi yana unga, sukari na mafuta pamoja. Chumvi ipungue, maana ugonjwa wa sukari na tansio ni ndugu wanaopenda kutembeleana. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isipite gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja kidogo cha chai.

Vitu vichungu. Wengi wanaamini kwamba uchungu unaua utamu, kwa hiyo wanakunywa maji ya miti michungu na kuacha vidonge. Uchungu unakaa ulimini. Kama unatumia miti yoyote, mwambie mganga wa hospitali, maana mingine inaumiza figo.

Sasa tuseme neno la kweli juu ya umaskini. Katika nyumba nyingi za miji yetu watu wanakula mara moja kwa siku, jioni. Mgonjwa wa sukari akikaa na njaa siku nzima, kisha akijaza tumbo usiku, sukari yake inashuka na kupanda kama mawimbi ya ziwa. Ikiwa chakula ni kidogo, kisiongezwe, kigawanywe: sehemu ya bukari na maharage ya jioni iwekwe kwa ajili ya asubuhi. Mganga ajue pia kwamba nyumbani mnakula mara moja, ili apange dawa kwa namna hiyo. Kumficha ni kujidhuru.

Tena, sisi tumezoea kula pamoja katika sahani moja kubwa. Ni desturi nzuri, lakini mgonjwa hawezi kupima anachokula humo. Mpeni sahani yake, na akae papo hapo pamoja na wengine. Asitengwe kama mwenye ugonjwa wa kuambukiza, maana ugonjwa huu hauambukizwi.

5. KUTEMBEZA MWILI

Mwili unapofanya kazi, misuli inafungua milango yake na kuvuta sukari kutoka katika damu, hata kama insulini ni kidogo. Ndiyo sababu kutembea ni sehemu ya matunzo, si mchezo wa vijana.

Kipimo kinachoshauriwa kwa watu wazima ni dakika 150 kwa juma, yaani dakika 30 kwa siku 5. Si lazima ukimbie. Tembea kwa haraka kidogo. Wanakwaya watauelewa upesi mfano huu: ukiwa unatembea vizuri, unaweza kuzungumza na mwenzako, lakini huwezi kuimba. Kama unaweza kuimba wimbo mzima, ongeza mwendo. Kama huwezi hata kusema, punguza.

Kulima, kuchota maji, kupanda kilima, kwenda sokoni kwa miguu badala ya kupanda pikipiki, yote ni mazoezi. Anayekaa siku nzima ofisini au nyuma ya meza ya biashara asimame mara kwa mara na kuzunguka kidogo. Asiyetembea zamani aanze na dakika 10, kisha aongeze polepole. Mwenye maumivu ya kifua, au macho mabaya, au vidonda vya miguu, aulize mganga kwanza.

Nguvu ya mambo haya ilipimwa. Huko Marekani watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kupata ugonjwa wa sukari walifuatwa karibu miaka mitatu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2002. Wale waliopunguza uzito kidogo na kutembea dakika 150 kwa juma, hatari yao ya kupata ugonjwa ilipunguka kwa asilimia 58. Wale waliopewa kidonge cha metformini, ilipunguka kwa asilimia 31. Kwa hiyo somo hili si la wagonjwa peke yao. Watoto na ndugu za mgonjwa ndio wanaopaswa kulishika kwanza.

6. MIGUU

Sukari ikikaa juu miaka mingi, inaharibu mishipa, na miguu inakufa ganzi. Mtu anakanyaga msumari bila kusikia. Kidonda kinaoza, na mwisho mguu unakatwa. Kwa hiyo:

– Usitembee bila viatu, hata ndani ya ua.
– Kabla ya kuvaa, tia mkono ndani ya kiatu uone kama kuna jiwe.
– Kila jioni osha miguu, ukaushe hata katikati ya vidole, uitazame chini na juu. Asiyeona vizuri atazamwe na mtoto wake.
– Usipashe miguu moto jikoni, maana utaungua bila kujua.
– Kidonda chochote, hata kidogo, kionyeshwe kituo cha afya upesi.

7. SUKARI IKISHUKA GHAFULA

Watu wanaodungwa insulini, au wanaomeza vidonge vya aina ya glibenklamidi, wanaweza kushukiwa na sukari, hasa wakikosa kula au wakifanya kazi nzito. Mgonjwa anatetemeka, anatoka jasho baridi, moyo unapiga mbio, anasema maneno yasiyoeleweka, au anakuwa mkali bila sababu.

Ndugu wapendwa, tuangalie sana hapa. Katika mkesha, mtu wa namna hii anaweza kudhaniwa kuwa amelewa, au kwamba pepo amempanda. Watu wanamzunguka na kuimba, na kumbe ubongo wake unakosa sukari. Dakika zinapita, na uhai unapita nazo. Kama mtu anajulikana kuwa na ugonjwa wa sukari, fanyeni hivi kwanza:

Akiweza kumeza, mpeni vijiko 3 vidogo vya sukari ndani ya maji, au vipande 3 vya sukari. Ngojeni dakika 15. Kama bado, rudieni. Akirudi vizuri, ale chakula.

Akiwa amezimia, msitie kitu chochote kinywani. Mlalisheni kwa ubavu, mkimbie naye hospitali.

Kila mgonjwa anayetumia dawa hizo awe na sukari kidogo mfukoni, anapotembea, anapolima na anapokuja ibadani.

8. KUFUNGA, MAOMBI NA DAWA

Je, mgonjwa wa sukari anaweza kufunga? Anayedungwa insulini, au anayemeza vidonge vinavyoshusha sukari kwa nguvu, asifunge bila shauri la mganga. Wazee na wachungaji wasimlazimishe, wala asihesabiwe kuwa mwenye imani haba. Iko njia nyingine ya kujinyima: aache soda, aache pombe, na fedha hiyo amsaidie mjane. Mama mwenye mimba na mtoto wa aina ya kwanza, tusiwafungishe hata kidogo.

Juu ya maombi, sisi tunaombea wagonjwa na tutaendelea. Lakini hakuna mtu aliyepewa ruhusa ya kumwambia mgonjwa atupe insulini. Mtoto wa aina ya kwanza akiiacha, katika siku chache anaanza kutapika, anapumua haraka, pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva mno, kisha analala usingizi asiouamka. Tuombe, na dawa ikae mahali pake. Anayeamini kwamba amepona aende kupimwa. Ukweli hauogopi kipimo.

9. KAZI YA JAMAA NA YA KANISA

Mgonjwa peke yake atashindwa. Kama nyumba nzima inakula mandazi na yeye anatazama, atavumilia juma moja tu. Nyumba nzima ibadilishe sufuria: mboga nyingi, maharage, mafuta kidogo. Chakula hiki si cha wagonjwa, ni chakula cha watu wote wenye akili.

Akina mama wanaopika siku za sikukuu wasikose sufuria ya mboga na maji safi ya kunywa. Vijana watembee pamoja na wazee wao asubuhi. Na kila mwaka, tarehe 14 Novemba ni siku ya dunia nzima ya ugonjwa wa sukari, iliyoanza kushikwa mwaka 1991. Ni siku nzuri ya kuomba muuguzi wa kituo cha afya cha mtaa aje kufundisha na kupima.

MASWALI YA KUJIFUNZA

1. Kwa nini bukari ya muhogo inapandisha sukari, ijapokuwa si tamu?
2. Eleza namna ya kugawa sahani. Ngumi yako inapima nini?
3. Utajuaje kwamba unatembea kwa mwendo unaofaa?
4. Mtu mwenye ugonjwa wa sukari anatetemeka na kutoka jasho katika mkesha. Mtafanya nini kwanza?
5. Mama aliyekuwa na 240 sasa ana 118. Utamwambia nini juu ya vidonge vyake?

Kazi ya juma: Kila mmoja ahesabu soda, mandazi na vijiko vya sukari alivyotumia kwa siku saba, na dakika alizotembea. Alete hesabu hiyo katika somo linalokuja.

Wapendwa, ugonjwa huu hauna siku ya kupumzika, wala matunzo yake hayana. Lakini ni matunzo yaliyo karibu nasi: sahani, miguu, dawa na ndugu anayekukumbusha. Aliye mgonjwa asikate tamaa. Aliye mzima atembee pamoja naye.

Mungu awabariki ninyi nyote.